Kiharusi Hakisubiri Kupambazuke

Kiharusi huanza ghafla. Maumivu ya mgongo huja polepole, ganzi ya kisukari hupanda miguuni kwa miaka, lakini kiharusi kina saa yake. Mtu alikuwa anamenya viazi, au anahesabu pesa za mauzo, na dakika iliyofuata kisu kimemdondoka na hawezi kukiokota. Familia nyingi zilizopatwa na jambo hili hukumbuka wakati wenyewe hata baada ya miaka: ilikuwa saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza. Ukiwauliza mgonjwa alifika hospitali saa ngapi, watakuambia saa nne asubuhi, siku ya pili yake.

Makala hii naiandika kwa ajili ya saa hizo kumi na nne. Tunajua zinavyopita. Mgonjwa analazwa kwanza apumzike, huenda ni uchovu. Anakandwa maji ya moto, anachuliwa mafuta ya karafuu. Anaitwa wa kumsomea dua. Kaka mkubwa aliyeko Mwanza anapigiwa simu ili atoe kauli yake, simu haipokelewi. Kisha, kwa kuwa usiku umeshaingia na usafiri ni wa shida, wote wanakubaliana wangoje kupambazuke. Hapo hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja. Kila mtu anahangaika kwa mapenzi. Lakini kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa, na iliyokwisha kufa hairudi.

Ubongo hauna akiba. Hutegemea damu inayopanda bila kukoma kupitia mishipa ya shingoni, na kiharusi ni damu hiyo kukatika mahali fulani. Hukatika kwa njia mbili: ama bonge la damu iliyoganda limeziba mshipa, ama mshipa umepasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikokotoa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli zapata milioni 1.9 kila dakika. Duniani kiharusi cha kuziba ndicho kingi zaidi, ila kwetu Afrika kile cha kupasuka kina sehemu kubwa kuliko Ulaya, na sababu kuu ni presha zisizotibiwa. Kwa kumtazama mgonjwa huwezi kujua ni aina ipi. Hata daktari bingwa hana uhakika mpaka aone picha ya CT scan, na jambo hilo lina uzito mkubwa kama tutakavyoona kwenye suala la dawa.

Sasa dalili. Mtu akikutia shaka, mwambie atabasamu au akuonyeshe meno, uangalie kama upande mmoja wa mdomo umebaki chini. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe hesabu mpaka kumi. Mkono mmoja ukianza kushuka wenyewe, umepata jibu. Kisha mwambie aseme sentensi fupi ya kawaida, kama “leo jua limewaka sana”, usikilize kama maneno yanavurugika, yanakokoteka kama ya mlevi, au hayatoki kabisa. Kipimo hiki cha uso, mkono na kauli kilitengenezwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya wahudumu wa magari ya wagonjwa, na mwaka 2009 serikali ya huko ikaanza kuwafundisha wananchi wote kwa matangazo ya televisheni. Hakihitaji kifaa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukifanya, na ningependa watoto wafundishwe, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaobaki nyumbani na bibi.

Moja tu kati ya hayo matatu likitokea ghafla linatosha kukupeleka hospitali. Usingoje yatimie yote.

Zipo dalili nyingine ambazo kipimo hicho hakizigusi. Jicho moja kuingia giza ghafla, au kuona vitu viwili viwili. Kizunguzungu kikali ambacho mtu hawezi kusimama wala kutembea sawasawa, kikifuatana na kutapika. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili. Kichwa kuuma kwa namna ambayo mgonjwa mwenyewe anasema hajawahi kuumwa hivyo maishani, maumivu yaliyofika kileleni ndani ya sekunde chache. Hii ya mwisho mara nyingi ni damu iliyovuja, na paracetamol si jibu lake.

Kuhusu kauli nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo tunapopotea zaidi. Kwa watu wengi sehemu ya lugha iko upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno pia. Lakini kuna wagonjwa ambao mikono yao ina nguvu, uso umenyooka, na kilichoharibika ni lugha peke yake. Anazungumza kwa kasi na kwa lafudhi yake ya siku zote, ila maneno hayana maana, mengine hayapo katika lugha yoyote. Ukimwuliza jina lake anakujibu habari nyingine. Anakasirika kwa kuwa hamumwelewi. Mtu wa namna hii, mwenye nguvu, macho makavu, akisema lugha isiyojulikana, nyumbani hudhaniwa amepandisha, au amechanganyikiwa, na anapelekwa kwa mganga hata kabla mtu hajafikiria hospitali. Nawaheshimu wanaoamini kwamba dunia ina mambo tusiyoyaona, na simzuii mtu kumwombea mgonjwa wake. Naomba kitu kimoja tu: mtu mzima ambaye jana alizungumza vizuri na leo ghafla kauli imevurugika, apelekwe kwanza kupigwa picha ya kichwa. Dua isomwe garini.

Kuna na hadaa nyingine ya ugonjwa huu, nayo ni dalili zinazokuja na kuondoka. Mkono umelegea kwa dakika kumi, kisha umerudi. Mdomo ulipinda wakati wa chai, na kufikia adhuhuri umenyooka. Watu humshukuru Mungu na kuendelea na shughuli. Kilichotokea ni kwamba bonge la damu liliziba kisha likayeyuka au likasogea, na kilicholizalisha bado kipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuatilia watu waliofika hospitali wakiwa na tukio la namna hii: takriban 1 kati ya 10 alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao walikipata ndani ya siku 2 za mwanzo. Kwa hiyo aliyepona ndani ya dakika kumi naye aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa haraka ile ile, hata kama anacheka na kusema hana tatizo.

Niseme sasa yale ya kutofanya, maana nyumba nyingi zina haraka ya kutenda. Usimpe chakula, maji, uji wala dawa ya kumeza. Misuli ya koo nayo hupooza. Atapaliwa, maji yataingia mapafuni, na nimonia inayofuata huua wagonjwa wengi waliokuwa wameepuka kufa kwa kiharusi chenyewe. Usimpe aspirini. Ni dawa nzuri kwa aliyezibika mshipa, tena hupunguza hatari ya kiharusi cha pili ikianzwa mapema hospitalini baada ya CT scan kuonyesha hakuna damu iliyomwagika. Lakini kwa aliyepasuka mshipa ni kumwongezea damu kuvuja. Usimpe vidonge vya presha vya ziada, hata kama kipimo cha nyumbani kinasoma namba za kutisha. Mshipa ukiwa umeziba, ubongo unasukuma presha juu ili damu ifike mahali palipobanwa, na ukiishusha kwa pupa unaua kile kilichokuwa kinajitetea. Kazi hiyo mwachie daktari.

Halafu ziko jumbe za WhatsApp. Mmoja, wa miaka mingi sasa, unaelekeza kumchoma mgonjwa sindano kwenye ncha za vidole na masikio mpaka damu itoke. Haisaidii kitu, na inakula muda. Mwingine unadai kiharusi kinatokana na kuoga kwa kuanza kumwagia maji kichwani badala ya miguuni. Ni kweli kwamba watu wengi huangukia bafuni au chooni, na ndicho kinachoupa ujumbe huo nguvu. Ila sababu ni kwamba presha ya mwili hupanda mtu anapoamka, saa za asubuhi ndizo zenye viharusi vingi, na asubuhi ndipo watu wanapokwenda bafuni. Kujikamua chooni nako hupandisha presha. Anza kuoga unapotaka, ila presha yako iwe imepimwa.

La kufanya ni hili. Angalia saa, uiandike. Kama mgonjwa ameamka akiwa hivyo, andika mara ya mwisho alipoonekana mzima, kwa mfano aliaga saa nne usiku akaenda kulala. Swali la kwanza la daktari litakuwa hilo. Mlaze ubavu, upande uliolegea ukiwa chini, ili mate na matapishi yatoke nje. Kama ana kisukari na kifaa cha kupima sukari kipo, mpime, kwa sababu sukari ikishuka sana inaweza kumfanya mtu aonekane amepooza. Hata hivyo safari isisubiri. Chukua dawa zake zote uziweke mfukoni. Kisha ondokeni, kwa gari, teksi au bajaji. Bodaboda si ya mgonjwa asiyeweza kujishika. Atateleza, au shingo itapinda na njia ya hewa kuziba.

Mwende wapi? Swali hilo ndilo linalowapotezea watu muda kuliko foleni za barabarani, na ndilo ninalotaka kila nyumba yenye mtu wa presha au mtu mzima ilijibu leo, kukiwa na utulivu. Hospitali ipi iliyo karibu nanyi ina CT scan inayofanya kazi usiku? Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zinayo, ila msidhani, ulizeni. Dereva gani anapokea simu saa nane za usiku? Kadi ya bima inakaa wapi, na kama hakuna bima, akiba ya dharura iko kwa nani? Na la muhimu zaidi: nani ana ruhusa ya kusema “twendeni” bila kumngoja kaka wa Mwanza? Kubalianeni kabisa kwamba aliyepo ndiye mwenye kauli. Nimeona mgonjwa akilala sebuleni kwa saa tatu, gari liko mlangoni, kwa sababu shemeji hakutaka kuonekana amejichukulia madaraka ya mume.

Wapo watakaouliza kuna haja gani ya mbio hizo ikiwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ile iliyothibitishwa mwaka 1995 na ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, kwetu bado ni adimu na ghali. Ni kweli ni adimu. Lakini kuwahi kunaokoa hata bila dawa hiyo. Hospitalini watabaini ni kuziba au kupasuka. Watapima kama mgonjwa anaweza kumeza, na kama hawezi watamwekea mrija wa chakula. Wataisawazisha sukari, watashusha homa, watalinda njia ya hewa, wataanza aspirini kwa anayestahili, na damu iliyomwagika ikiwa nyingi madaktari wa upasuaji wa ubongo wanaweza kuitoa. Wagonjwa wanaotunzwa na timu iliyozoea kiharusi hufa wachache na hurudi kwenye maisha yao wengi zaidi, na hilo limethibitishwa katika nchi nyingi.

Turudi nyuma ya siku hiyo, kwenye miaka inayoitangulia. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu za Dar es Salaam. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Hai walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Kiwango cha Dar kilizidi kile cha nchi nyingi tajiri. Aliyedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu wenye vitambi na arejee kwenye namba hizo. Na utafiti wa mataifa 32 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo kumi tu, karibu yote yanayorekebishika, yanabeba kama asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. Presha peke yake ilibeba karibu nusu.

Presha haiumi. Ningeweza kuandika sentensi hiyo mara kumi. Wengi wetu tunangoja kichwa kiume ndipo tukapime, na wengine humeza vidonge siku wanayojisikia vibaya, wakiviacha siku wanayojisikia vizuri. Presha ya 170 kwa 100 inaweza kukaa na mtu miaka minane akilima, akicheza ngoma, akizaa, huku ikikaza na kuchosha vimishipa vidogo vya ubongo. Namba ya kukumbuka ni 140 kwa 90. Ukipimwa siku mbili tofauti na ukawa hapo au juu yake, una presha, hata kama unaweza kupanda ngazi za ghorofa tano bila kutweta. Kipimo kisomeke vizuri: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara katika nusu saa iliyotangulia.

Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa ameketi akichorwa picha mjini Warm Springs, Georgia. Alilalamika kichwa kinamuuma vibaya kisogoni, akapoteza fahamu, daktari wake akapima presha akakuta 300 kwa 190. Alasiri hiyo hiyo akafariki, akiwa na miaka 63. Madaktari walikuwa wanajua presha yake iko juu kwa zaidi ya mwaka, lakini dawa ya maana ya kuishusha haikuwapo. Leo amlodipini, losatani na vidonge vya kupunguza maji mwilini vinapatikana katika duka la dawa la mtaani, na bei ya mwezi mzima kwa wengi haifiki bei ya kuku wa sikukuu. Kupunguza namba ya juu ya presha kwa pointi 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa zaidi ya robo. Vidonge hivyo ni vya kila siku na, kwa walio wengi, ni vya maisha. Presha ikisoma vizuri kwenye kliniki, maana yake dawa inafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha. Dawa ikikuletea kikohozi, kuvimba miguu au ukosefu wa nguvu za kiume, rudi useme waziwazi ubadilishiwe. Wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo ya mwisho, na mke anakuja kujua siku mume amelala sakafuni.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa na ile iliyojificha katika ng'onda, achari, viungo vya supu vya pakiti na chipsi za barabarani. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nazi vinaweza kubeba ladha. Mikoa ya pwani tuna bahati ya viungo, tuvitumie. Sigara na shisha huharibu mishipa. Pombe nyingi hupandisha presha. Kisukari huharakisha yote hayo. Mwendo wa miguu wa nusu saa karibu kila siku unatosha kwa mwanzo.

Wapo wengine wasiofikiriwa. Mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio ana hatari mara tano ya wengine, kwa sababu damu huganda ndani ya moyo na kurushwa kichwani. Shika kifundo cha mkono wa mzee wako, na mapigo yakiwa hayafuatani, mpeleke akapimwe. Wanaoishi na VVU wamo hatarini, na dawa zao zisikatizwe. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, kuona vimulimuli na kuvimba uso, presha ikiwa juu, yuko kwenye mlango wa kifafa cha mimba, na kifafa hicho kinaweza kupasua mshipa wa ubongo wa binti wa miaka ishirini. Na watoto wenye selimundu: bila kinga, karibu 1 kati ya 10 hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Tanzania ni kati ya nchi zenye vizazi vingi zaidi vya selimundu duniani. Mtoto wa selimundu anayeanza kuburuta mguu au kuporomoka darasani ghafla si mvivu. Kipo kipimo cha kasi ya damu kichwani kinachobashiri hatari yake, na kuna kuongezewa damu na vidonge vya haidroksiurea vinavyoipunguza sana. Mzazi, ulizia kliniki.

Aliyenusurika atahitaji mikono yenu. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye kupona kwingi, basi mtaalamu wa mazoezi ya viungo atafutwe mapema, pasingojwe “apate nguvu kwanza”. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Msimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega litachomoka. Chupa ya maji ya moto isiwekwe kwenye mguu wenye ganzi. Ataungua bila kujua. Akinyamaza na kulia bila sababu, huo ni msongo unaotibika, aambiwe daktari. Na siku mnayompeleka kliniki, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja mliomsindikiza, nanyi kaeni kwenye benchi lile lile mpimwe presha, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo na chungu kimoja cha mboga.